Kimya cha Mama Danielle

Wengi huponzwa na mdomo. Léoncie aliponzwa na kunyamaza.

Jumapili hiyo waumini wa dhehebu la Marafiki walikuwa wameketi sebuleni kwa Népomuscène, huko Gihosha, viti vimepangwa duara kama ilivyo desturi yao. Kikundi hiki cha Marafiki hakina mchungaji, hakina kwaya wala kipaza sauti. Watu hukaa kimya, na anayesukumwa na Roho husimama akasema, kisha akaketi. Majirani wamezoea kuwacheka. "Kanisa la wagonjwa wa koo," husema. Hata mambo ya kikao hayapigiwi kura. Karani, ndiye mwenye kukiongoza, hulitaja jambo na kuuliza kama kuna mwenye neno. Wote wakinyamaza, basi wamekuwa na moyo mmoja. Mmoja tu akisimama akasema hawezi kwenda nao, jambo hilo hukaa pale pale, hata mwaka.

Léoncie alizaliwa ndani ya desturi hiyo. Hakuna aliyehitaji kumfundisha.

"Binti yetu Danielle," alisema Népomuscène, ambaye ndiye karani, kwa ile sauti yake laini ya mtu anayembembeleza mtoto alale, "anaolewa na Khaled, kijana Mwislamu wa Buyenzi. Tumeomba na tumesubiri. Naona njia yake na njia yetu zimeachana. Naona asihesabiwe tena kati yetu, na asiwepo wetu yeyote atakayekwenda kusimama katika ndoa hiyo. Kuna mwenye neno?"

Léoncie, mama yake Danielle, aliona damu inampanda mpaka masikioni. Alikamata pindo la kitenge chake akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini tangu utotoni aliambiwa kwamba neno lililochemshwa na hasira halitoki kwa Roho, linatoka tumboni. Mtu alimeze kwanza, lipoe, ndipo alitoe. Basi akalimeza. Akangoja lipoe, nalo halikupoa. Akamtazama mumewe Zénon, ambaye ni mdogo wake Népomuscène wa tumbo moja. Zénon alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu vilivyochungulia kwenye sandali.

"Basi tumekuwa na moyo mmoja," alisema Népomuscène. Akampa mkono aliyeketi kuliani kwake, maana ndivyo kikao kinavyofungwa, na watu wakaanza kupeana amani na kutafuta miamvuli.

Neno la Léoncie lilikuwa bado kooni.

---

Danielle alirudi nyumbani Gasenyi kesho yake jioni viatu vikiwa mkononi. Mafuta yalikuwa yamekosekana tena mjini, mabasi yamesimama, na njia ya kupanda kwao ilikuwa tope tupu. Hakuvua koti jeupe la famasi anakofanya kazi, kule Kigobe. Hakusalimu. Aliweka simu mezani, kati ya sahani za maharage, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya Népomuscène, polepole, kila neno limepigwa pasi: "…nanyi ndugu mlio mbali, mjue kwamba kikao kizima, pamoja na wazazi wake wote wawili, kwa moyo mmoja…"

"Amewatumia ukoo mzima," alisema Danielle. "Mimi nilidhani ni salamu za harusi. Nikaongeza sauti ili mwenzangu Orlane naye asikie. Famasi imejaa wateja. Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya kikohozi akanishika bega, akaniambia pole sana, binti, nani amefariki?"

Zénon alisukuma sahani yake.

"Ulisema nini, Mama? Alipouliza nani mwenye neno."

"Sikusema kitu."

"Hata kitu kimoja?"

"Nilikuwa na hasira, mwanangu. Nilikuwa na hasira mpaka nikaogopa mdomo wangu. Unajua sisi hatusemi kwa hasira."

"Kwa hiyo ungekuwa huna hasira, ungenitetea?"

Léoncie aliisogeza simu kando ya sahani.

"Danielle," alisema Zénon, "zungumza na mama yako vizuri."

"Na wewe, Papa? Wewe pia hasira ilikukaba?"

"Népomuscène ni mkubwa wangu. Ndiye aliyenisomesha, unajua hivyo."

"Najua. Na leo umemlipa. Umemlipa mimi."

Aliingia chumbani. Walimsikia akifungua sanduku, akikunja nguo kwa haraka, hanga zikianguka sakafuni. Alipotoka alikuwa na begi begani, na macho makavu, jambo ambalo Léoncie aliliogopa kuliko machozi.

"Sheikh wao alinikalisha chini," alisema, "akaniambia, binti, wewe ni mtu wa Kitabu, utaolewa na utabaki na Kitabu chako. Hakuniambia niache kitu. Mama yake Khaled hakuniambia niache kitu. Wageni wameniacha nilivyo. Walionifukuza ni ninyi. Na hamkunifukuza hata kwa kelele! Afadhali mngenitukana, ningejua mlinigombania."

"Unakwenda wapi na njia hii?"

"Kwa Orlane. Kwao watu wanagombana, lakini wanasema."

Mlango ulijibamiza. Zénon akasema labda wangemwacha kwanza apoe. Léoncie akamgeukia, akamtazama kama mtu anayemwona mpangaji mpya.

"Apoe," alisema. "Kila mtu hapa apoe."

---

Asubuhi Léoncie alishika njia ya Gihosha. Irène, mke wa Népomuscène, alimfungulia geti, akambusu mashavuni, akasema loo, Mama Danielle, mbona asubuhi hivi, kisha akapotelea jikoni na hakurudi tena.

Népomuscène alikuwa barazani na chai yake. Kando yake palikuwa na kiti, na juu ya kiti kofia yake. Hakuiondoa. Léoncie alingoja aiondoe, naye hakuiondoa, basi akazungumza akiwa amesimama, kama mtu aliyekuja kuomba kazi ya kufua.

"Shemeji, nimekuja kwa neno la juzi. Mimi sikuwa na moyo mmoja nanyi."

"Ah." Alipuliza chai. "Lakini niliuliza."

"Uliuliza."

"Nikangoja. Nilingoja kwa makusudi, shemeji, kwa sababu wewe ni mama yake. Mlango ulikuwa wazi. Hukupita."

"Nilikuwa na hasira. Nilifanya tulivyofundishwa."

"Ulifanya vyema."

"Basi ukichukue kimya changu kama kilivyokuwa! Ukatangaze kwa simu hiyo hiyo kwamba mama yake hakukubali."

Népomuscène alitabasamu, tabasamu la huruma, lile linalowafanya watu Gihosha nzima wamwite mtu wa amani. "Unasikia sauti yako? Hata sasa umekasirika. Ukipoa utaniambia jambo jingine kabisa. Nenda upumzike. Tutakuombea, tutakushikilia katika Nuru."

"Na Gaël?"

Tabasamu lilisita kidogo.

"Mwanao Gaël," alisema Léoncie, "amemwoa Ubelgiji mwanamke asiyeamini hata kama kuna Mungu. Alisema mwenyewe, kwenye simu ya video, mbele yetu sote, akacheka. Kikao kilifanya nini? Tulisema tumshikilie katika Nuru, tukamtumia vikapu vya harusi. Mimi nilisuka viwili."

"Gaël yuko mbali. Mazingira ya kule ni mengine."

"Kumbe dhambi ikipanda ndege inapungua."

"Shemeji." Alikiweka chini kikombe, taratibu, kisilie. "Unaona? Ni hiyo hasira. Mimi siwezi kufungua jambo la kikao kwa sababu mtu mmoja ameamka vibaya. Kama unalo neno, kikao kipo Jumapili. Lilete likiwa limepoa."

Alimsindikiza mpaka getini, kwa adabu zote, akamshika mkono kwa mikono miwili. Léoncie alishuka ile njia na mkono huo ukimwasha, na alipofika chini ndipo alipoona kwamba hakuna aliyempa hata maji.

---

Fatouma, mama yake Khaled, hakutanguliza ujumbe. Alhamisi alisukuma tu mlango wa Gasenyi, mnene, jasho linamtiririka chini ya ushungi, akimlaani kila mtu anayehusika na mafuta tangu bandarini mpaka Buyenzi.

"Karibu, mama Khaled. Kaa. Nikuletee maji."

"Apana. Mi sikuje kunywa. Nimekuja kuuliza neno moja, halafu naenda zangu." Lakini alikaa, na kiti kikalalamika. "Ile mutoto iko analia. Kule ku kazi yake analia, akija kwetu analia. Khaled ameniambia sababu, mi nikamwambia we, usiseme vile, mama muzima hawezi kufanya vile, ni ule muzee wa Gihosha peke yake. Sasa nakuuliza macho kwa macho. Ni kweli ulikubali?"

"Sikukubali. Nilinyamaza."

"Ulinyamaza." Fatouma akajipepea na pindo la ushungi. "Aya. Na kwenu, mutu akinyamaza, maana yake nini?"

Léoncie alitafuta njia ya kulizunguka swali hilo. Hapakuwa na njia.

"Maana yake amekubali."

"Si unaona! Hata kwetu iko hivyo. Mwari akiulizwa, unamutaka huyu? Akinyamaza, tunasema basi, amekubali. Lakini ile ni haya ya mwari. We si mwari, mama Danielle! We umezaa, umelea, matako imekuwa kubwa kama yangu. Ulikuwa unaona haya ya nani?"

Siku nyingine Léoncie angecheka. Alijikuta amecheka kweli, kicheko kibaya, kilichomtoka puani, na baada yake machozi.

Fatouma alimwangalia bila kumbembeleza.

"Mi sitaki kukuumiza. Hamissi bwana yangu aliniambia, Fatouma, tusiingie mambo ya watu. Nikamwambia we Hamissi, baki na radieta zako za gereji. Mutoto wa mutu hataingia mu nyumba yangu kama mbuzi ya kuokotwa ku barabara. Jumapili tunasoma nikahi. Sheikh amesema baba akikosa, yeye mwenyewe atasimamia, hiyo ya wanaume iko sawa. Lakini upande wa wanawake? Nitamukalisha mwari na nani? Buyenzi nzima itaniuliza, mama yake iko wapi? Niseme nini? Amekufa?"

"Nitakuja."

"Utakuja."

"Nitakuja, mama Khaled."

Fatouma aliinuka, akajifunga vizuri, akafika mlangoni. Pale aligeuka, na sauti yake haikuwa na matani tena.

"Utakuja kunyamaza?"

---

Mtu mwingine angekwenda Buyenzi moja kwa moja. Lakini Léoncie alikuwa Rafiki, na kwa Rafiki neno lililofungwa kikaoni hufunguliwa kikaoni. Alitaka amwendee binti yake akiwa na neno lililofunguliwa, si udhuru. Jumapili alivaa gauni lake la buluu, akamwambia Zénon atakachofanya.

"Fanya unavyoona," alisema Zénon.

"Sikukuuliza nifanye nini. Nakwambia ili usishtuke. Na nikimaliza, twende wote Buyenzi. Wewe ni baba yake."

Zénon alisema mvua itanyesha.

Kikao kilikaa. Kimya kikashuka, kile kimya kizito ambacho Léoncie alikuwa amekipenda maisha yake yote, kimya cha watu wanaoaminiana. Siku hiyo alikisikiliza akakiona kama mlango uliokomewa kwa ndani. Akasimama.

"Jumapili iliyopita mlisema moyo mmoja," alisema. "Moyo wangu haukuwemo. Siwezi kwenda nanyi katika jambo hili."

Mama mzee Astère, aliyembeba Léoncie mgongoni enzi za utoto wake, alifumbua macho.

"Shemeji," alisema Népomuscène kwa upole, "bado una hasira."

"Ndiyo. Ninayo."

"Tuisubiri ipoe."

"Haipoi! Nimeisubiri wiki nzima. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimepika nayo. Ingekuwa ya tumbo ingekuwa imekwisha. Mnasema Roho husukuma. Mimi nani ananisukuma hivi? Mbona Roho anayewajia ninyi siku zote anakuja na sauti ndogo, na anakubaliana na karani?"

Mtu alikohoa. Népomuscène aliinua mkono wake wa kulia, bila haraka, akamnyooshea Zénon aliyeketi karibu naye.

Wote walielewa. Mkono huo ukipokewa kikao kimefungwa, na lolote lisemwalo baada yake ni maongezi ya watu wanaotafuta miamvuli.

Zénon aliutazama mkono wa kaka yake. Alimtazama mkewe aliyesimama katikati ya duara, mdomo wazi, neno bado nusu. Aliutazama tena mkono. Akaupokea.

"Amani," alisema Népomuscène.

"Amani, amani," wakasema watu, wakainuka, wakaanza kushikana mikono huku na huku, kwa haraka kuliko kawaida, wengine wakipita mbele ya Léoncie kama wanapita mbele ya kabati. Aliendelea kusimama. Astère alimjia na mkono wake uliokunjamana.

"Amani, mwanangu."

"Sina, mama," alisema Léoncie. "Samahani. Leo sina."

Kisha akamgeukia Zénon.

"Mkono huo leo ulikuwa wa kumtoa mwanao harusini."

Zénon aliushusha mkono, akauficha mfukoni. Léoncie hakungoja kuona kama angeutoa. Alichukua mwavuli wake akatoka, na alipofika getini hakulifunga. Aliliacha wazi, kwa makusudi, kwa nyumba iliyoogopa sana wezi.

---

Mvua ilimkuta njiani. Mwavuli uligeuka nje ndani akautupa. Alishuka akakatiza mji kwa miguu, akapita foleni ya magari yaliyolala kwenye kituo kisicho na tone la mafuta, madereva wakimpigia miluzi, mama, kanisa limevuja? Hakujibu. Alikuwa anazungumza peke yake, kwa sauti, akiokota maneno yote aliyokuwa ameyameza, ya wiki hii na ya miaka, na kila alipolitema moja alikuta jingine chini yake.

Huko Buyenzi wanaume walikuwa wameketi chini ya turubai na sheikh, Hamissi katikati yao kwenye kanzu nyeupe. Wanawake walikuwa uani, wamebanana upenuni, masufuria ya pilau yakifuka, dufu zikilia. Raihana, dada yake Khaled, alimwona wa kwanza, gauni la buluu limemgandia mwilini, tope mpaka magotini.

"Heee! Mama wa kanisa ya kimya amefika!" alipiga kelele. "Pita, mama, pita. Hapa kwetu ni fujo tu, utatusamehe."

Fatouma alimtandika binti yake kofi la mgongo, akamshika Léoncie mkono, akampitisha.

Danielle alikuwa ameketi mkekani, mikono yake miwili imepakwa hina mbichi, imewekwa juu ya mto kama si yake. Orlane alikuwa kando yake akimpepea. Danielle hakuinua macho. Léoncie alipiga magoti mbele yake, maji yakimtiririka, yakaloanisha ukingo wa mkeka.

"Danielle," alisema, taratibu, kwa sauti aliyoizoea. "Mwanangu, nimetoka kikaoni, na nimewaambia…"

"Sikusikii, Mama."

Dufu zilikuwa karibu. Léoncie alipandisha kidogo. "Nimewaambia kwamba…"

"Sikusikii."

Na hapo ndipo neno lilipopanda, si kutoka kooni bali kutoka kule chini kabisa lilikokuwa. Léoncie aliinuka akasimama, na sauti aliyoitoa hakuwahi kuisikia maishani mwake.

"Sikukubali! Huyu ni mwanangu, na sikukubali! Walisema moyo mmoja, ni uongo! Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mwoga, nikauita uoga wangu Roho! Anayesema mama yake amemtupa aje aniambie mimi! Nipo hapa! Mimi ndiye mama yake, na ninamtoa mwenyewe, kwa mdomo wangu, mchana, mbele ya watu!"

Dufu zilikuwa zimesimama. Aliyekuwa anakoroga pilau alishikilia mwiko hewani. Kule chini ya turubai wanaume waliacha kuzungumza, na sheikh akageuza shingo. Léoncie alisimama akihema, akaona haya zinaanza kumrudia, zikipanda kutoka miguuni.

Danielle alikuwa ameinua macho. Hayakuwa macho yaliyosamehe. Yalikuwa mekundu, magumu, yakimpima.

"Hayo ungeyasema Jumapili ile."

"Ndiyo."

"Mbele ya baba mkubwa."

"Ndiyo, mwanangu. Ningeyasema."

Danielle hakuweza kujifuta uso kwa sababu ya hina. Orlane alimfuta kwa ncha ya khanga, akamwacha.

"Ile sauti ya baba mkubwa nimeisikia mara nyingi, Mama. Ukoo mzima wameirudia rudia. Yako nimeisikia mara moja." Aliinua kidevu. "Sema tena."

Léoncie akavuta pumzi, akaanza upya tangu neno la kwanza, na hakupunguza sauti.